Miaka 250 ya Marekani: hasira ya Boston haikuwa bei ya chai

Julai 4 mwaka huu wa 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu ijitangazie uhuru kutoka kwa Mwingereza, na habari hiyo imeshafika hadi barazani kwetu. Juzi jioni jamaa mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, aliimaliza historia yote kwa pumzi moja: "Hawa nao walikuwa koloni kama sisi, bwana. Wakatwishwa kodi mpaka wakachoka, wakamtimua mkoloni." Hakuna aliyembishia. Nami nilinyamaza, maana ndiye aliyekuwa akilipia kahawa. Lakini kauli ile, ambayo hata mimi nilifundishwa hivyo darasani, imekosea mahali pawili, na makosa hayo mawili yanatosha kumfanya mtu asielewe kabisa kilichotokea.

Kosa la kwanza ni kodi. Walowezi wa Amerika walikuwa miongoni mwa watu waliotozwa kidogo kuliko wote katika milki ya Uingereza. Raia wa kawaida wa Uingereza kwenyewe alilipa mara nyingi zaidi yao. Kosa la pili limo ndani ya lugha yetu. Kwa Kiswahili mkoloni ni yule aliyekuja kututawala. Wale walioasi mwaka 1776 hawakuwa waliotawaliwa kwa maana tuliyoizoea sisi. Walikuwa walowezi, watoto na wajukuu wa waliovuka bahari kuja kuchukua ardhi ya watu wengine. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: walowezi hawa hawakuasi kwa kuwa walionewa kuliko wengine. Waliasi kwa kuwa walikwisha kuzoea kujitawala, London ikataka kuwapokonya mazoea hayo ghafla, na wao walikuwa na mabaraza, magazeti na kamati za kuigeuza hasira yao kuwa serikali. Usipoliona hilo huwezi kueleza kwa nini uhuru wao uliwaacha nje wengi waliokuwa wakiishi nao.

Turudi nyuma kidogo. Virginia ilikuwa na baraza lake la kutunga sheria tangu mwaka 1619. Kufikia katikati ya karne ya 18 kila moja ya makoloni yale 13 lilikuwa na baraza lililochaguliwa na wanaume wenye mali. Gavana katika makoloni mengi aliletwa na mfalme, na kwenye karatasi alikuwa na madaraka makubwa: aliweza kukataa sheria, aliweza kulivunja baraza. Ila mshahara wake, katika makoloni kama Massachusetts, ulipitishwa na baraza, mwaka kwa mwaka. Hebu mfikirie bwana huyo, ametoka London na barua yenye muhuri wa mfalme, ana mke na watumishi na nyumba ya kutunza. Akikataa kutia saini muswada wanaoutaka wajumbe, hakuna atakayemtukana. Mshahara wake tu ndio utakaochelewa. Aliyeshika mfuko ndiye aliyekuwa akitawala, na walowezi walilijua hilo kwa vitendo kabla hawajalisoma katika kitabu cha mwanafalsafa yeyote.

Biashara nayo ilienda hivyohivyo. Sheria za kuwalazimisha wafanye biashara na Uingereza tu zilikuwepo tangu karne ya 17. Mwaka 1733 Bunge la London likaweka ushuru wa peni 6 kwa kila galoni ya molasi (uji mzito mtamu wa miwa) kutoka visiwa vya wageni, hasa vya Wafaransa. Molasi ndiyo iliyotengenezwa pombe ya ramu katika miji ya bandari ya Boston na Newport, na ramu ndiyo iliyoendesha sehemu kubwa ya biashara ya pwani ile, ikiwemo biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi. Ushuru ule haukulipwa. Maofisa wa forodha walipewa chao wakaangalia pembeni, na kwa miaka 30 mambo yakaenda. Sheria ilibaki vitabuni, magendo yakabaki bandarini, na kila mtu akaona huo ndio utaratibu wenyewe.

Kilichovuruga utaratibu huo ni ushindi. Vita vya Miaka Saba vilipokwisha mwaka 1763, Uingereza ilikuwa imewang'oa Wafaransa kutoka Kanada, lakini deni la taifa lilikuwa limepanda karibu mara mbili na kupita pauni milioni 130. Wakati huohuo London iliamua kuacha wanajeshi wapatao 10,000 Amerika. Waziri Mkuu George Grenville akauliza swali ambalo mhasibu yeyote angeliuliza: kwa nini mkulima wa Uingereza alipie ulinzi wa mtu wa Pennsylvania? Swali la haki kabisa. Na hapa inafaa tuwe wakweli, maana wengi wanaosimulia kisa hiki huwafanya Waingereza wapumbavu au mashetani. Hawakuwa hivyo. Walikuwa watawala wenye deni, wanaotazama ramani kubwa na kuona watu matajiri wasiochangia.

Angalia basi sheria ya kwanza ya Grenville, ya mwaka 1764. Ilipunguza ushuru wa molasi kutoka peni 6 hadi peni 3. Nusu nzima! Ingekuwa suala ni uzito wa kodi, wafanyabiashara wa Boston wangechinja ng'ombe. Badala yake walikasirika, kwa kuwa safari hii ushuru ungekusanywa kweli. Manahodha walitakiwa kujaza karatasi za kila shehena, na aliyekamatwa aliweza kupelekwa katika mahakama za kibahari zisizo na wazee wa baraza wala majirani wa kumhukumu, ambako jaji aliamua peke yake. Kupunguziwa kodi na kunyang'anywa jopo la majirani zako siku moja ni jambo ambalo mhasibu wa London hakuweza kuliona katika hesabu zake.

Mwaka uliofuata ikaja sheria ya stempu. Kuanzia Novemba 1, 1765 kila hati ya mahakama, leseni ya baa, gazeti, kalenda, shahada ya chuo, pakiti ya karata na jozi ya dadu ilitakiwa iwe kwenye karatasi yenye stempu iliyolipiwa. Ukitaka kuchokoza jamii, hutapata orodha bora zaidi ya kuanzia: mwanasheria, mchapishaji wa gazeti, mwenye baa na mcheza kamari, yaani watu wote wenye midomo, mahali pa kusemea na wateja wa kuwasikiliza. Agosti 14 watu wa Boston walikuta kikaragosi cha Andrew Oliver, mtu aliyeteuliwa kugawa stempu, kikining'inia mtini. Jioni umati ulikibeba, ukabomoa jengo lililosemekana litakuwa ofisi yake, kisha ukaishukia nyumba yake. Akajiuzulu. Siku 12 baadaye nyumba ya naibu gavana Thomas Hutchinson, mojawapo ya nyumba nzuri kabisa katika mji ule, iliachwa kuta tupu. Ilipofika Novemba, karibu kila aliyeteuliwa kugawa stempu alikuwa ameshaacha kazi. Sheria ilikuwepo, wa kuitekeleza hakuna. Machi 1766 Bunge likaifuta.

Wakati huohuo, hata hivyo, Bunge lilipitisha tamko kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria "katika kila jambo lolote lile". Walowezi walikuwa wakishangilia na kupiga mizinga. Wachache waliisoma karatasi ile ya pili. Mimi naamini vita vilianza pale, ingawa risasi ilichelewa miaka tisa. Pesa ya stempu ingeweza kujadiliwa. Lakini mtu akikuambia "nimekusamehe deni, ila jua kwamba naweza kukudai chochote siku yoyote", hajakusamehe kitu.

Hapa ndipo inapoingia kaulimbiu maarufu ya kukataa kodi bila uwakilishi, nayo pia husomwa vibaya. Upande wa Uingereza ulikuwa na jibu lenye nguvu kuliko tunavyodhani. Manchester, mji uliokuwa ukikua kwa kasi, haukuwa na mbunge hata mmoja. Old Sarum, kilima kisichokuwa na wakazi wa kuhesabika, kilikuwa na wabunge wawili. Wakasema: Waingereza wengi hawapigi kura na bado wanalipa, kwa sababu kila mbunge anaiwakilisha milki nzima, kwa nini ninyi muwe tofauti? Baadhi ya walowezi walijibu kwamba kama Manchester haina mbunge basi ipewe. Jibu zuri kwa mdomo, lakini halikuwa ndilo walilolitaka wao. Wajumbe wa makoloni tisa waliokutana New York Oktoba 1765 waliandika wazi kwamba watu wa makoloni hawawakilishwi katika Bunge la London na, kwa mazingira yao, hawawezi kuwakilishwa humo. Hawezi kuwakilishwa! Huyu haombi kiti. Wangepewa viti 20 kule London wangepigiwa kura na kushindwa kila siku, kisha kodi zingekuwa halali. Walichodai ni kwamba wanayo mabaraza yao tayari, na hayo pekee ndiyo yenye haki ya kugusa mifuko yao. Kwa maneno mengine walidai milki yenye mabunge mengi chini ya mfalme mmoja, jambo ambalo Uingereza ilikuja kulikubali kwa Kanada na Australia baadaye sana. Mwaka 1765 London ililisikia kama uhaini.

Sasa tuje kwenye chai, kwa sababu hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Wengi wanaamini kwamba Desemba 16, 1773 watu wa Boston walimwaga chai baharini kwa kuwa ilipandishwa bei. Ilishuka. Kampuni ya India Mashariki ilikuwa na mlima wa chai ya Kichina ikiozea maghalani London na madeni yaliyotaka kuiangusha. Bunge likairuhusu kuipeleka chai hiyo Amerika moja kwa moja, bila kupitia madalali, kwa bei ambayo ingeishinda hata chai ya magendo ya Waholanzi. Ushuru wa zamani wa peni 3 kwa ratili, uliobaki kutoka sheria za waziri wa fedha Charles Townshend za mwaka 1767, ukaachwa palepale. Mtego ulikuwa mzuri: kunywa kwa bei poa, na kwa kila funda unakiri kwamba Bunge lina haki ya kukutoza. Wauzaji wangekuwa mawakala walioteuliwa na kampuni, miongoni mwao wana wa yuleyule Hutchinson, ambaye sasa alikuwa gavana. Tena mapato ya ushuru huo yalikwisha kuanza kulipa mishahara ya magavana na majaji. Mnaukumbuka ule mshahara uliokuwa ukichelewa? Ndio huo London ilikuwa ikiutoa mikononi mwa baraza. Makasha 342 yalipasuliwa kwa mashoka katika merikebu tatu, zaidi ya ratili 90,000 za majani zikaingia majini, na wakati bahari imekupwa yakarundikana kando ya merikebu kama nyasi zilizofyekwa. Nyumbani kwetu mtu wa Tanganyika aliyedaiwa kodi ya kibanda na Mjerumani alilazimika kuacha shamba lake akatafute rupia kwa kumlimia mwingine. Hayo ni machungu ya tumbo. Ya Boston yalikuwa machungu ya mamlaka. Yote mawili ni machungu, lakini tusiyaweke katika kapu moja.

Kuna hoja nyingine mbili zenye uzito zaidi, nazo zinastahili muda wetu. Ya kwanza ni ardhi. Oktoba 1763 Mfalme George III alitoa tangazo la kuwazuia walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia. Hakufanya hivyo kwa huruma tupu. Wenyeji wa asili, miongoni mwao chifu Pontiac wa Waottawa, walikuwa wametoka kuziteka ngome kadhaa za Waingereza mwaka uleule, na London haikuwa na pesa za vita vingine. Kwa matajiri wa Virginia waliokuwa wameshaweka mitaji kwenye ardhi hiyo, lilikuwa pigo. George Washington alimwandikia mpimaji wake mwaka 1767 kwamba tangazo lile yeye analiona ni jambo la muda tu la kuwatuliza Wahindi Wekundu, na kwamba asiyetafuta ardhi nzuri sasa hataipata tena. Aliomba pia barua ile iwe siri. Mwaka 1774 London iliongeza kidonda: eneo la kaskazini ya mto Ohio likaunganishwa na Quebec. Kwa wapenda ardhi, mfalme alikuwa amegeuka mlinzi wa wenyeji dhidi yao. Hili halisemwi sana siku ya fataki za Julai 4.

Ya pili ni utumwa. Siku hizi kuna wanaosema kwamba mapinduzi yale kwa kweli yalikuwa njama ya kuulinda utumwa. Wana ushahidi wa kweli. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme watakuwa huru, na mamia walimkimbilia. Wenye mashamba ambao mpaka wakati huo walikuwa wakisitasita waliona kisu kimefika mfupani. Katika Azimio la Uhuru lenyewe, shutuma ya mwisho dhidi ya mfalme ni kwamba amechochea maasi ya ndani na kuwaleta mipakani wenyeji, walioitwa humo washenzi wasio na huruma. Ndani ya watu wapatao milioni 2.5, karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa mtumwa, na aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, Thomas Jefferson, aliwamiliki zaidi ya watu 600 katika maisha yake.

Hata hivyo hoja hiyo ikivutwa hadi mwisho inakatika. Dunmore alitoa tangazo lake miezi saba baada ya risasi za kwanza za vita, zile za Lexington na Concord huko Massachusetts, za Aprili 19, 1775. Hawezi kuwa chanzo cha vita alivyovikuta. Na kuna kipimo kizuri zaidi, visiwa vya Karibi. Uingereza ilikuwa na makoloni zaidi ya 20 upande ule wa bahari, 13 tu ndiyo yaliyoasi. Jamaica ilikuwa na baraza kama Virginia, ililipa stempu, na Desemba 1774 baraza lake lilimwandikia mfalme kuwatetea Waamerika. Kama kuulinda utumwa ndiko kulikowasukuma watu waasi, Jamaica ingetangulia, maana karibu watu tisa katika kila kumi walikuwa watumwa. Lakini hofu hiyohiyo ndiyo iliyowafunga miguu: bila wanajeshi na manowari za mfalme mabwana wale wasingelala usingizi. Utumwa uliwasukuma watu wa Virginia upande mmoja na ukawavuta watu wa Jamaica upande wa pili. Ulikuwa chumvi katika kila chungu, lakini haukuwa ndio moto.

Basi moto ulikuwa wapi? Nenda Worcester, mji mdogo wa Massachusetts, Septemba 6, 1774. Baada ya chai kumwagwa, Bunge lilikuwa limefunga bandari ya Boston na kubadili katiba ya koloni: wajumbe wa baraza la juu sasa wateuliwe na mfalme, na mikutano ya wakazi wa miji, ambayo wakulima wale walizoea kuitisha wapendavyo, iwe mara moja tu kwa mwaka bila kibali cha gavana. Siku hiyo mahakama ya wilaya ilikuwa ifunguliwe chini ya utaratibu mpya. Wanamgambo zaidi ya 4,000 kutoka vijiji 37 walijipanga pande mbili za barabara kuu. Majaji na mawakili walilazimishwa kupita katikati, kofia mikononi, wakisoma kwa sauti karatasi ya kuukana utumishi wao. Wakimaliza kwa kundi moja wanasogea hatua chache, wanaanza tena mbele ya kundi linalofuata. Hakuna aliyeuawa. Mahakama haikufunguliwa, na utawala wa mfalme katika wilaya ile ukaishia hapo, karibu miaka miwili kabla ya Azimio la Uhuru.

Kwa maoni yangu, kisa cha Worcester kinaeleza zaidi kuliko chai na Azimio kwa pamoja. Chuki peke yake haileti uhuru. Dunia imejaa watu wenye chuki ya haki walioishia kupigwa. Walowezi hawa walikuwa na miaka 150 ya mazoezi. Kila kijiji kilijua kuitisha mkutano, kuchagua mwenyekiti, kuandika kumbukumbu na kutuma wajumbe. Tangu mwaka 1772 kamati za mawasiliano zilikuwa zikipelekeana barua kutoka mji hadi mji. Mkutano Mkuu wa makoloni uliokaa Philadelphia mwaka 1774 uliagiza kila wilaya iunde kamati ya kusimamia mgomo wa bidhaa za Uingereza, na kamati hizo zikaanza kukagua maduka, kuwatangaza magazetini wanaokaidi, hata kuwaamulia watu waombe radhi hadharani. Uonevu ulikuwepo humo pia. Aliyesema namtii mfalme aliweza kupakwa lami na kubandikwa manyoya. Lakini zilikuwa serikali kwa kila hali isipokuwa jina.

Jina lilichelewa kwa sababu ya mfalme. Mpaka mwaka 1775 wengi walimlaumu waziri na Bunge, wakiamini kwamba mfalme anadanganywa, kama sisi tunavyosema siku zote kwamba rais ni mzuri ila wasaidizi wake. Julai walimtumia ombi la upatanisho. Hakulipokea, Agosti akawatangaza kuwa waasi, kisha akakodi wanajeshi wa Kijerumani. Januari 1776 kijitabu cha Thomas Paine kikamvua mfalme nguo mbele ya wasomaji wa kawaida. Kwa hiyo utakaposoma Azimio la Julai 4, utaona shutuma 27 zote zinamwelekea mtu mmoja: yeye amefanya hivi, yeye amekataa vile. Bunge halitajwi hata kwa jina. Shutuma ya kwanza ni kwamba mfalme amekataa kuidhinisha sheria za mabaraza. Kodi bila ridhaa imepewa mstari mmoja mfupi, kule ndani, baada ya mabaraza kuvunjwa, majaji kutegemea mfalme kwa mishahara, na majeshi kuwekwa wakati wa amani. Waandishi wenyewe walijua kipi kiliwauma.

Tukiusoma uasi ule kuwa wa walowezi waliokuwa tayari wanajitawala, tunaelewa pia kwa nini umeigwa na watu tusiowapenda. Kati ya 1922 na 1923 walowezi wa Kenya, wakichukizwa na mpango wa kuwapa Wahindi haki zaidi za kura, walipanga hadi namna ya kumteka gavana. London ikawajibu Julai 1923 kwa waraka uliosema maslahi ya Waafrika ndiyo ya kutangulizwa, ahadi iliyotekelezwa kwa mwendo wa kinyonga. Novemba 11, 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walikwenda mbali zaidi: tamko lao la kujitenga liliiga umbo na hata maneno ya lile la 1776, wakaiondoa ile sentensi ya watu wote kuumbwa sawa. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kuwazima. Smith hakuwa akiizulia historia; alichagua tu mistari iliyomfaa. Kwa hiyo jamaa yangu wa barazani anaposema "kama sisi", inabidi aseme ni sisi gani. TANU ilidai kura kwa waliokuwa hawana. Walowezi wa 1776 walidai kutoingiliwa katika kura waliyokuwa nayo.

Najua atakayenijibu: maneno yakishatoka hayana mwenyewe. Ni kweli, na hapo nakubali. Watumwa wa Massachusetts walianza kupeleka maombi ya uhuru mwaka 1773, wakitumia lugha ileile ya mabwana zao. Vermont ilipiga marufuku utumwa wa watu wazima katika katiba yake ya 1777, na Pennsylvania ikaanza kuufuta polepole 1780. Lakini maneno hayo yalisafiri hata mbali zaidi ya mipaka ya Marekani, na njia moja yaliyopitia inafika kwetu Afrika.

Kulikuwa na mtu aliyeitwa Harry, mzaliwa wa Afrika Magharibi, aliyenunuliwa na George Washington mwaka uleule wa 1763. Vita vilipoanza alitoroka Mount Vernon, shamba la Washington huko Virginia, akaenda kwa Dunmore. Mwaka 1783 aliondoka New York pamoja na Waingereza walioshindwa, akaishi Nova Scotia, katika Kanada ya leo, kwenye baridi na ardhi mbovu, na mwaka 1792 akavuka tena bahari na weusi wenzake wapatao 1,200 kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Waliahidiwa ardhi ya bure. Kampuni iliyoutawala mji ikawadai kodi ya ardhi hiyo, na gavana akakataa viongozi waliowachagua wenyewe kuwa na kauli katika utungaji wa sheria. Septemba 1800 waliandika sheria zao wakazibandika hadharani. Wakazimwa kwa msaada wa wanajeshi na Wamaroni, wazao wa watumwa waliotoroka, waliotoka Jamaica. Harry Washington, wakati huo na umri wa miaka kama 60, alihukumiwa na kufukuzwa mjini, akapelekwa ng'ambo ya mto katika pwani ya Bullom. Bwana wake wa zamani alikuwa amezikwa Mount Vernon Desemba iliyotangulia.